Majilio wakati wa kupanda: kuandaa Noeli katika jumuiya zetu za Dodoma

Dominika ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, huangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Kwa Dodoma, hizo ndizo siku watu wanatazama mawingu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na ile ya kupandia ikishuka usiku, asubuhi nyumbani wamebaki wazee na watoto wadogo. Wengine wote wako shambani na mbegu za mtama, uwele au alizeti. Jumuiya nyingi, yaani makundi madogo ya waamini Wakatoliki wa ujirani mmoja, hupanga ratiba ya Majilio bila kuifikiria mvua, kisha viongozi wanalalamika kwamba waamini wamepoa. Waamini hawajapoa. Ratiba ndiyo iliyokosewa.

Kikao cha jumuiya kifanyike katikati ya Novemba, kabla mtu hajashika jembe. Mambo mazito yapangiwe wiki mbili za kwanza za Majilio, ya jioni yaachiwe wiki ya mwisho.

Anzeni na upatanisho. Msimu wa kulima ndio msimu wa ugomvi wa mipaka: mmoja amesogeza jembe hatua mbili, mbuzi wa mwingine wamekula miche. Watu hao hao wanakaa jumuiya moja na hawasalimiani. Mathayo 5:23-24 inasema uiache sadaka mbele ya altare ukapatane kwanza na ndugu yako. Mwenyekiti na mzee mmoja anayeheshimika wawafuate wahusika nyumbani, kila mmoja peke yake, wamsikilize mpaka amalize, ndipo wawakutanishe. Msilitaje jambo lao kwenye sala ya jumuiya mbele ya wote. Mwenye kuaibishwa haji tena. Na mpaka ukihitaji kupimwa upya, upimeni kweli. Kupeana mikono huku mpaka haujulikani ni kuahirisha ugomvi hadi mavuno.

Baada ya hapo ndipo kitubio, yaani kuungama kwa padre. Pigeni hesabu: watu 60 kwa dakika 5 kila mmoja ni saa 5 nzima, na padre huyo huyo ana vigango vingine, yale makanisa madogo ya parokia. Wanaosubiri Desemba 24 wanaungama kwa haraka au wanarudi nyumbani bila kuungama. Katibu aombe siku ya jumuiya yenu parokiani tangu Novemba, ikiwezekana wiki ya pili ya Majilio.

Novena ni jioni tisa za sala, Desemba 16 hadi 24. Anzeni saa 12:30, watu wakiwa wametoka shambani na kunawa, mmalize saa 1:00. Nusu saa inatosha: wimbo, Injili, kimya kidogo, maombi, Baba Yetu. Jioni ya kwanza someni Isaya 40:1-11. Kuanzia tarehe 17 fuateni Injili za kalenda ya liturujia, maana zimepangwa zikimwelekea Mtoto hatua kwa hatua: ukoo wa Yesu tarehe 17, ndoto ya Yosefu tarehe 18, Zakaria hekaluni, kisha tarehe 20 malaika kwa Maria, Maria kwa Elizabeti, wimbo wa Maria, kuzaliwa kwa Yohane, na tarehe 24 wimbo wa Zakaria. Msomaji wa tarehe 17 apewe Mathayo 1:1-17 siku mbili kabla, aisome kwa sauti nyumbani. Majina yale yakimkwamisha mbele ya watu, watoto wanacheka na sala imeharibika.

Kitu kinachoua novena ya nyumba kwa nyumba ni chai. Nyumba ya kwanza ikitoa maandazi, ya pili itatoa pilau, na mjane wa nyumba ya tano atasema anasafiri. Wekeni sheria kwenye kikao: maji ya kunywa tu. Korongo likijaa, walio ng'ambo wasali huko kwao kwa masomo yale yale. Mtu asivuke maji usiku kwa ajili ya sala.

Taji la Majilio, lenye mshumaa mmoja kwa kila Dominika, halihitaji kununuliwa. Chukueni sinia, mjaze mchanga uliolowanishwa, msimike mishumaa minne myeupe ya dukani. Mitatu ifungwe utepe wa zambarau chini, mmoja wa waridi kwa Dominika ya tatu. Zungushieni matawi ya mwarobaini na kuyabadilisha kila Jumamosi. Yakikauka hushika moto upesi, ndiyo maana mchanga uwe na unyevu na utepe ukae mbali na utambi.

Misaada kwa wahitaji ifike tarehe 22. Ikifika mkesha usiku, mama mgonjwa anapokea mchele asioweza kuupika. Kwa kaya ya watu watano, kilo 3 za mchele, kilo moja ya maharage, nusu lita ya mafuta, chumvi, sabuni, na mkaa, kwa sababu mkaa ndio husahaulika kila mara. Wapeleke watu wawili tu, bila kupiga picha.

Orodha ya wagonjwa wanaotaka Komunyo imfikie katekista kabla ya Dominika ya tatu: jina, nyumba ilipo, alama ya karibu kama mbuyu au kisima, na kama mgonjwa anaweza kumeza. Kijana mmoja wa jumuiya asimame njiapanda kumwongoza padre siku anapowapelekea Komunyo.