Maswali ya Wasomaji: Simu, Mgonjwa na Anayesoma Majibu

Safari hii tumechagua barua nne zinazohusu matumizi ya simu katika kuwapima na kuwasaidia watu wenye maradhi ya akili. Majina ya waandishi tumeyahifadhi. Anayejibu ni daktari wa magonjwa ya akili wa safu hii.

Swali: Daktari, shikamoo. Kaka yangu ana ugonjwa wa bipola, ule wa hali ya moyo kupanda na kushuka kupita kiasi, na amelazwa mara mbili. Mara zote mbili sisi wa nyumbani tulishtuka mambo yakiwa yameshaharibika, yaani usiku wa nne hajalala na hasikii la mtu. Sasa kliniki yake imependekeza awekewe kwenye simu programu ya kumwuliza kila siku kuhusu hali yake na usingizi wake, ambayo pia itapima yenyewe anatembea kiasi gani na anatumia simu saa zipi. Je, simu inaweza kuona ugonjwa unarejea kabla yetu?

Jibu: Marahaba, dada. Simu inaweza kuona mabadiliko kabla yenu, lakini haiwezi kujua kama mabadiliko hayo ni ugonjwa.

Nianze na faida, kwa maana ipo na si ndogo. Mgonjwa anayeonana na daktari mara moja kwa mwezi huulizwa mwezi umekwendaje, naye aghalabu hujibu kwa kuangalia siku mbili tatu za mwisho, kwani mwenye huzuni huikumbuka huzuni, na aliyechangamka kupita kiasi huuona mwezi mzima kuwa ulikuwa mwema. Watafiti walilitambua tatizo hili kabla ya simu za mkononi kuenea. Katika miaka ya 1970 Mihaly Csikszentmihalyi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa watu peja, yaani vifaa vidogo vya kupokea ishara, zilizolia wakati wowote bila kutarajiwa, na kila zilipolia mtu aliandika palepale alichokuwa akifanya na jinsi alivyojisikia. Simu ya kaka yako itafanya kazi ileile bila karatasi. Kwa mwenye bipola, rekodi ya usingizi peke yake ina thamani kubwa, maana kupungua kwa haja ya kulala ni miongoni mwa dalili za mapema za mania, yaani kile kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, na kile mlichokiona usiku wa nne huenda kingeonekana usiku wa pili.

Upande wa pili ni vipimo ambavyo simu hujichukulia yenyewe, kama mahali ilipo, mwendo na muda wa kuwashwa kwa kioo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, ambao ulifuatilia simu za watu wazima kwa wiki 2, uliona kwamba wale ambao safari zao za kila siku hazikuwa na mpangilio, na waliozunguka katika maeneo machache, walikuwa na alama za juu zaidi za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Lakini watu ambao data zao zilitosha kuchambuliwa walikuwa 28 tu. Tena simu iliyokaa mahali pamoja siku tatu inaweza kuwa simu ya mtu aliyezama katika huzuni, au ya mtu mwenye mafua, au ya mtu aliyeisahau kabatini.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa programu hawapendi kulitaja. Nchini Denmaki, jaribio lililoitwa MONARCA, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, liliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 78 wa bipola, nusu wakijipima kila siku kwa simu huku taarifa zao zikifika kliniki, na nusu wakitumia simu kwa mawasiliano ya kawaida tu. Baada ya miezi 6 makundi hayo hayakuwa na tofauti ya kutajika katika dalili za mania wala za sonona, na kulikuwa na ishara kwamba baadhi ya waliojipima walidumu zaidi katika huzuni. Nadhani si vigumu kuelewa kwa nini: mtu anayeulizwa kila jioni ana huzuni kiasi gani hupewa kila jioni nafasi ya kuichunguza huzuni hiyo.

Je, mkatae? Hapana. Lakini kabla ya kaka yako kukubali, naye ndiye wa kukubali, iulizeni kliniki nani hasa atasoma majibu yake, atayasoma baada ya muda gani, na atafanya nini siku programu itakapoonyesha saa tatu tu za usingizi kwa siku mbili mfululizo. Mkijibiwa kwamba daktari atayaangalia siku ya miadi, basi mna daftari zuri la kumbukumbu, lakini hamna kengele ya tahadhari, na ninyi wa nyumbani msiache kuangalia kwa macho yenu. Mkijibiwa kwamba kuna muuguzi anayefungua taarifa hizo kila asubuhi na ana idhini ya kupiga simu, chukueni nafasi hiyo. Ningependelea pia maswali yawe machache. Uchambuzi wa programu 93 za afya ya akili uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba, kwa programu ya kawaida, siku 15 baada ya kupakuliwa ni chini ya watu 4 katika kila 100 waliokuwa bado wanaifungua. Maswali mawili yatakayojibiwa mwaka mzima yananifaa mimi kuliko maswali ishirini yatakayoachwa wiki ya tatu.

Swali: Nilijaza dodoso la maswali tisa kwenye simu nikapata alama 16, na simu ikaniandikia kwamba nina sonona. Je, nina sonona kweli?

Jibu: Dodoso ulilojaza, kwa maelezo yako, bila shaka ni PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams kwa ajili ya wagonjwa wa kliniki za kawaida. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa ni 27, na linahusu wiki 2 zilizopita tu. Kuanzia 10 tunaona inafaa kuchunguza zaidi, na 15 hadi 19 huashiria dalili nzito kiasi. Kwa hiyo alama zako si za kupuuza. Hata hivyo simu imesema zaidi ya inavyojua. Dodoso huhesabu dalili bila kujua zimetoka wapi, na mtu aliyefiwa wiki iliyopita, mwenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, au anayetumia dawa fulani anaweza kufikia alama hizo hizo. Vilevile halikuulizi kama umewahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, na hilo ndilo swali la kwanza ninalouliza mimi kabla ya kuandika dawa ya sonona, kwa kuwa kwa mwenye bipola dawa hiyo ikitolewa peke yake inaweza kuchochea mania. Nenda kwa mtabibu na umwonyeshe majibu yako yote tisa, si jumla tu.

Rudi ulitazame swali la tisa, linalouliza kuhusu mawazo ya kuona ni afadhali ungekufa au ya kujidhuru. Kama hukujibu sifuri, usingoje miadi. Mwambie leo hii mtu aliye karibu nawe, na mwende pamoja kwenye huduma ya dharura.

Swali: Mwanangu ana umri wa miaka 24 na ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo kweli. Huwa anaamini simu yake inamsikiliza. Baba yake anataka tumwekee kimyakimya programu ya kutuonyesha alipo na kama analala. Tufanye hivyo?

Jibu: Mama, msifanye hivyo. Siku atakapoigundua, na vijana huzijua simu zao kuliko sisi, mtakuwa mmeifanya dhana yake kuwa kweli, na baada ya hapo sijui ni kwa maneno gani mimi au ninyi tutamshawishi kwamba dawa haina hila ndani yake.

Wapo wanaodhani kwamba mwenye skizofrenia hawezi kabisa kusaidiwa kwa simu, nao wamekosea. Programu iitwayo FOCUS, iliyobuniwa Marekani na Dror Ben-Zeev na wenzake kwa ajili ya wagonjwa wa aina hii hasa, ilijaribiwa na watu 33 kwa mwezi mmoja, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliitumia katika zaidi ya siku 86 kati ya kila 100. Iliwasaidia katika mambo kama dawa, usingizi na kukabiliana na sauti wanazozisikia. Katika jaribio la baadaye la watu 163, lililochapishwa mwaka 2018, waliopangiwa simu walianza matibabu kwa wingi kuliko waliopangiwa vikao vya kikundi, na nafuu waliyopata makundi yote mawili ilikaribiana. Wote hao walijua kilichomo ndani ya simu zao.

Subirini kipindi ambacho mawazo yake yametulia, kisha mwulizeni mwenyewe angependa akumbushwe nini. Akichagua ujumbe mfupi wa kumkumbusha sindano yake ya mwezi na kukataa mengine yote, pokeeni hicho.

Swali: Ninayoiandikia programu ya ushauri usiku, nani anayasoma?

Jibu: Inategemea kampuni, na ahadi ya faragha peke yake haitoshi. Mwaka 2023 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliiamuru kampuni ya ushauri wa mtandaoni ya BetterHelp ilipe dola milioni 7.8, ikisema iliwapa Facebook na wengine taarifa za wateja wake kwa ajili ya matangazo. Nchini Ufini, mwaka 2020, ilijulikana kwamba kumbukumbu za wagonjwa wapatao 33,000 wa kampuni ya tiba ya kisaikolojia ya Vastaamo zilikuwa zimeibwa, na wagonjwa wenyewe wakaandikiwa barua pepe za kudaiwa pesa ili siri zao zisitangazwe. Usiandike jina lako kamili, mahali pa kazi, wala majina ya unaowazungumzia. Kataa ruhusa ya kusoma majina uliyohifadhi kwenye simu yako na ya mahali ulipo kama huduma haivihitaji.

Ila kwa wengi wanaoniuliza swali hili, msomaji wanayemhofia hayuko kwenye kampuni, bali analala chumba kimoja nao. Kabla ya yote, ingia kwenye mipangilio uzime arifa zinazojitokeza kwenye kioo kilichofungwa.