Muulize Mwalimu: Two o'clock ya mgeni ni saa nane yako

Wiki hii maswali ni mengi na karibu yote yametoka hapahapa Tanga, nadhani ni msimu wa wageni. Nimeyafupisha kidogo, mnisamehe.

Mwalimu shikamoo. Mimi natembeza wageni kwenye mapango ya Amboni. Juzi mama mmoja wa Kiingereza kaniuliza kwa meseji kesho tunaondoka saa ngapi, nikamjibu "two o'clock". Saa mbili kamili asubuhi niko getini kwao na bajaji, nimesubiri mpaka saa nne hamna mtu, mlinzi ananiambia wako baharini wanaogelea, nikaondoka zangu na hasira. Saa nane mchana simu inaita, eti niko wapi mbona wananisubiri. Hapo nani kakosea?

Marahaba mwanangu. Umekosea wewe, tena pole na hela ya bajaji. Sisi saa tunazihesabu toka jua linapochomoza, na huku kwetu karibu na ikweta jua halina maringo, mwaka mzima linatoka mulemule kwenye saa kumi na mbili au kapita kidogo, kwaiyo lisaa la kwanza likiisha ndo saa moja. Mwingereza yeye anaanza kuhesabu usiku wa manane. Tofauti ni masaa sita, sio zaidi sio pungufu, kwaiyo ulipoandika "two o'clock" mwenzio kasoma saa nane mchana, kala chakula chake kavaa viatu kakaa anakusubiri, hana kosa lolote.

Angalia saa ya ukutani hapo ulipo. Saa mbili asubuhi mshale mfupi uko kwenye 8, na ukivuka upande wa pili, ng'ambo kabisa, unakuta 2. Hivohivo 9 inatazamana na 3, na 12 inatazamana na 6. Sisi tangu utotoni tunasoma ng'ambo ya mshale bila hata kujijua, sasa ukiongea Kiingereza soma pale pale mshale ulipo, basi. Na usiandike namba tupu, andika "8 in the morning", hapo hata ukikosea mtu atashtuka akuulize.

Halafu kuna mtego mwingine nikuoneshe mapema. Mwingereza akisema "half eight" anamaanisha saa mbili na nusu. Mjerumani kwa lugha yake, maneno hayohayo "nusu nane" ni saa moja na nusu, yaani nusu ya kuelekea nane, na wengine wakiongea Kiingereza wanakuja nayo hivohivo. Na Tanga Wajerumani hawaishi kuja. Kwaiyo akikwambia "half eight" we muulize tu, "seven thirty or eight thirty?", sio ushamba.

Mwalimu habari za kazi, mimi nipo mapokezi kwenye lodge moja Raskazone. Mgeni kajikwaa ngazini nikamwambia "sorry", akanijibu sio kosa lako. Afu nikawa naenda kumletea taulo nikamwambia "I'm coming", akabaki kanikodolea macho. Nimekosea wapi?

Nzuri dada. Hiyo ya kwanza hujakosea sana. "Sorry" yao inabeba nisamehe na pole kwa pamoja, ila ya pole inataka iongezewe kitu, mtu kafiwa au anaumwa unamwambia "I'm so sorry to hear that". Aliyejikwaa wao wanamuuliza "Are you all right?" huku umenyoosha mkono. Pole ya kazi, pole ya safari, pole ya jua, hizo usizihangaikie, hawana. Ukimwambia mtu "sorry for work" atadhani kafukuzwa kazi.

Ya pili ndo yenyewe. Sisi tuna kanaja ketu, mtu anakupa mgongo anaondoka huku anasema "naja", na wote tunaelewa anaenda na atarudi (akirudi). Kwa Kiingereza "I'm coming" anasema mtu anayekufuata ulipo, umemwita toka chumba cha pili ndo anaitika hivo. Wewe unatoka mlangoni unasema unakuja, lazima akodoe macho. Sema "I'll be right back". Ndugu yake huyo ni "umepotea". Usije ukamwambia mgeni aliyekaa mwaka bila kuja "you are lost", atatoa ramani. Mwambie "I haven't seen you for ages".

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza fomu foo, nimenunua kitabu cha nahau za Kiingereza na nimeshakariri kama mia mbili, lakini nikiongea na watu naona wanacheka, juzi mvua kubwa nimesema "it's raining cats and dogs" mtu kacheka mpaka kakaa. Niendelee au niache?

Marahaba. Kitabu weka kabatini kwanza. Hiyo ya paka na mbwa ipo kweli ila imechakaa, mimi miaka yote hii naisikia kwa wanafunzi kuliko kwa wenyewe. Mvua ya masika ikishuka wao wanasema "it's pouring", wanakimbilia barazani. Chache zinafaa, mfano "under the weather" kwa mtu asiyejisikia vizuri, au "once in a blue moon" kwa jambo la nadra. Hii ya mwisho naipenda: siku hizi "blue moon" wanaiita pale mwezi mpevu unapotokea mara mbili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, na hiyo inakuja kila baada ya miaka miwili na nusu mpaka mitatu hivi. Kwa miezi ya Kiislamu haiwezi kutokea kabisa, maana mwezi ukiandama ndo tunaanza upya, mpevu unaupata mmoja tu.

Kinachokukwamisha we sio nahau, ni vitenzi vidogo. Fikiria mgeni anajifunza Kiswahili kaambiwa piga ni kuchapa, afu anasikia piga pasi, piga deki, piga hodi, piga mswaki, anajiuliza huo mswaki umekosa nini. Na wao wana "put" yao. "Put on" unavaa, "put out" unazima moto, "put off" unaahirisha, "put up with" unavumilia. Chukua daftari, kila kitenzi kimoja ukurasa wake, na kila neno liandikie sentensi ya jambo lililokutokea wewe mwenyewe, sio ya kwenye kitabu.

Na ukifika kwenye kuahirisha uwe macho. Sisi tukisema kikao kimesogezwa mbele, maana yake kitafanyika baadaye. Wao wakisema "the meeting has been brought forward", kimewahishwa! Nimeshashuhudia mtu mzima anafika ofisini na kalamu yake mkononi, wenzie wanakusanya vikombe vya chai.

Mwalimu mambo, nachanganya "he" na "she" kila siku, mke wangu naye nimemwita "he" mbele za watu.

Poa. Kwetu yeye ni yeye, ndo maana. Usiongee harakaharaka, na ukishtukia umekosea rekebisha hapohapo uendelee na stori. Mkeo muombe msamaha kwa Kiswahili.

Mimi bodaboda, mzungu nikimwelekeza njia pale kwenye kipilefti nasemaje?

"Roundabout". Jina letu limetokana na kibao cha "keep left" kilichokuwa kinasimama pale, ila yeye akisikia hivo anajua umemwamuru akae kushoto. Sasa ukimwambia "at the keep left, turn right", atasimama katikati ya barabara.