33,550,336 ni namba ya aina gani?

Umeuliza kama 33,550,336 ina lolote la pekee zaidi ya kuwa shufwa. Inalo, tena kubwa: ni namba kamilifu, yaani ukijumlisha vigawo vyake vyote (namba zinazoigawa bila kubakiza) isipokuwa yenyewe, unaipata yenyewe. Ni ya tano katika ukoo huo, baada ya 6, 28, 496 na 8,128. Ona mruko ulivyo mkubwa!

Ivunje: 2 kwa kipeo cha 12, mara 8,191. Hiyo 8,191 ni namba tasa, na ni sawa na 2 kwa kipeo cha 13 ukitoa 1. Basi vigawo viko 13 × 2 = 26: vipeo vya 2 kuanzia 0 hadi 12, kila kimoja chenye 8,191 au bila yake. Jumla ya vigawo vyote ni 8,191 × 8,192 = 67,100,672; toa namba yenyewe, inabaki 33,550,336. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ndiye aliyeonyesha kwamba njia hii (namba tasa iliyo kipeo cha 2 ukitoa 1, mara nusu ya kipeo hicho) huzaa namba kamilifu, na mwanahisabati Euler akathibitisha kuwa kila namba kamilifu iliyo shufwa lazima itoke humo. Ya witiri hadi leo hakuna aliyeipata.

Namba ya mraba siyo, kwa sababu 8,191 imeingia mara moja tu. Ila ni ya pembetatu, yaani jumla ya namba zinazofuatana kuanzia 1: jumlisha kuanzia 1 hadi 8,191. Katika mfumo wa 0 na 1 inaandikwa 1 kumi na tatu zikifuatwa na 0 kumi na mbili.

Kinachonifurahisha mimi, ingawa ni sadfa tu: tarakimu zake zikijumlishwa zinatoa 28, nayo ni namba kamilifu pia.