Roboti ya mzingile: kwenye kompyuta inafika, kwenye mzingile halisi inagonga

Mkuu, umeuliza kwa nini roboti yako inafika katikati kila mara ukiijaribu kwenye kompyuta, lakini kwenye mzingile wa mbao inagonga ukuta baada ya vyumba (miraba ya mzingile) saba au nane. Umeuliza pia kama ubadilishe algorithimu au ununue mota za kasi zaidi. Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Kwa maelezo uliyotoa, roboti inajua njia ila haijui yenyewe iko wapi, na ukiiongezea kasi itagonga mapema zaidi.

Tazama nafasi uliyonayo. Mzingile wa kawaida wa mashindano haya ya micromouse, yaani roboti ndogo inayojitafutia njia hadi katikati ya mzingile, ni vyumba 16 kwa 16, kila kimoja sm 18 kikipimwa katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta unaofuata. Kuta zina kimo cha sm 5 na unene wa mm 12, kwa hiyo upana wa njia ni mm 168. Roboti ya upana wa mm 100 inabakiwa na mm 34 kila upande. Ikiwa imepinda nyuzi 3 tu na hakuna kinachoinyoosha, inasogea pembeni zaidi ya mm 9 kwa kila chumba. Kabla chumba cha nne hakijaisha imeshagusa ukuta.

Kwa hiyo anza na magurudumu. Tuseme gurudumu lina kipenyo cha mm 32, enkoda (kifaa kinachohesabu mizunguko ya mota) inatoa mipigo 12 kwa mzunguko mmoja wa mota, na gia ni 30 kwa 1, yaani mota huzunguka mara 30 gurudumu likizunguka mara moja. Hapo unapata mipigo 360 kwa mzunguko wa gurudumu, yaani kama mm 0.28 kwa kila mpigo. Hesabu hiyo ni ya kuanzia tu. Tairi la mpira hubonyea kwa uzito, na kosa la asilimia 1 kwenye kipenyo linazaa karibu mm 29 ukivuka mzingile kutoka upande hadi upande. Weka betri yake ndani, iendeshe yenyewe polepole vyumba 10 vilivyonyooka (mm 1800), soma mipigo, rudia mara tano, ndipo uandike namba ya mm kwa kila mpigo. Ukishamaliza hilo, iamuru izunguke palepale mara 10 na uangalie imezidi au imepungua nyuzi ngapi, kisha rekebisha umbali kati ya magurudumu mawili. Usigeuze mpangilio huo, maana kipimo cha pili kinategemea cha kwanza. Kama una jairoskopu (kihisi kinachopima roboti inavyogeuka), itumie kwenye kona, lakini iache roboti itulie kabisa kwa sekunde moja kabla ya kuanza ili ipate sifuri yake. Ukiwa bado umeishika mkononi, sifuri hiyo ni ya uongo na kila kona itaenda kombo.

Jambo dogo ambalo wengi hawalioni: mwanzo. Unaiweka roboti mgongo ukigusa ukuta wa nyuma, kumbe programu inadhani ipo katikati ya chumba. Kama ekseli (mhimili wa magurudumu) iko mm 40 kutoka nyuma ya roboti, ongeza mm 6 za nusu ya ukuta. Ekseli iko mm 46 ndani ya chumba, na mpaka wa chumba cha pili uko mm 134 mbele. Wewe ukiandika mm 90, roboti itakata kona ya kwanza mm 44 kabla ya mahali pake.

Sasa vihisi vya kuona kuta, ambavyo kila kimoja kina taa yake na hupima mwanga unaorudi kutoka ukutani. Vinne vinatosha: viwili mbele, viwili vikitazama pembeni kwa mshazari. Soma kihisi huku taa yake ikiwa imezimwa, iwashe, subiri kidogo, soma tena, kisha toa namba ya kwanza kwenye ya pili. Bila kutoa huko, taa za ukumbini na jua la dirishani vinahesabiwa kuwa ukuta. Washa taa moja kwa wakati, ama sivyo mwanga wa kihisi kimoja utaingia kwenye jirani yake. Na usigawe namba ya kihisi ukadhani ni umbali. Mwanga haupungui kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo tengeneza jedwali kwa kuiweka roboti kwenye umbali unaoujua, hatua ya mm 10.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote liko hapa: ukuta wa kushoto unaisha, namba inashuka, programu inadhani roboti imeenda mbali na ukuta, basi inakata kushoto na kuingia kwenye nguzo, kile kijiti kinachoshikilia kuta kwenye pembe ya chumba. Kabla ya kurekebisha, uliza kwanza kama ukuta upo. Kuta zikiwepo mbili, tumia tofauti ya vihisi vyake. Ukiwepo mmoja, tumia huo peke yake. Hakuna hata mmoja? Shikilia mwelekeo wa enkoda na jairoskopu hadi ukuta urudi.

Na kule ukuta kuisha usikuchukulie kama kero, ni zawadi. Ukuta unaishia kwenye nguzo, na nguzo haihami. Pima kihisi kinashuka ghafla roboti ikiwa mm ngapi ndani ya chumba, hifadhi namba hiyo, na kila mshuko ukitokea iambie roboti: sasa upo hapa. Ukisimama mbele ya ukuta fanya vivyo hivyo, maana katikati ya chumba ni mm 84 kutoka usoni pa ukuta. Makosa madogo hayapati nafasi ya kujumlishana. Ningekuwa na jioni moja tu ya kuirekebisha roboti hii, yote ningeimalizia kwenye aya hii.

Kuhusu betri: ukiamuru mota kwa asilimia, asilimia 40 ya volti 8.4 ni volti 3.36, lakini betri ikishuka hadi 7.4 inakuwa 2.96. Ndiyo maana marekebisho ya asubuhi yanakataa mchana. Amua volti unazotaka, kisha gawa kwa volti za betri zilizosomwa wakati huo.

Algorithimu yako ya mafuriko, ile inayokipa kila chumba namba ya umbali wake hadi katikati, ibaki, ila hakikisha mambo haya. Ukuta ukionekana, uandike kwenye vyumba vyote viwili unavyovitenganisha. Wakati wa kutafuta, ukuta usiojulikana uhesabu kuwa wazi. Wakati wa mbio, uhesabu kuwa umefungwa. Urefu wa njia kwa hesabu hizo mbili ukilingana, hakuna njia fupi iliyojificha, acha kutafuta. Hadi hapo, tumia safari ya kurudi kukagua vyumba vipya. Kufuata ukuta mmoja kulifaa kwenye mashindano ya New York mwaka 1979, kwa sababu mlango wa kutokea ulikuwa pembezoni. Sasa lengo ni vyumba vinne vya katikati, na kuta hupangwa makusudi ili mfuata ukuta asifike.

Njia za mshazari ziache kwanza. Kati ya nguzo na nguzo pale kunabaki kama mm 110 tu, na roboti yako ina 100.

Siku ya mashindano futa matairi kwa utepe wa kunata kabla ya kila safari, kwani vumbi huyafanya yateleze kwenye kona. Pima upya viwango vya vihisi kwenye kuta za pale, maana rangi iliyochakaa hairudishi mwanga sawa na mpya. Ramani ihifadhi kwenye kumbukumbu ya kudumu roboti ikifika katikati na imesimama, kwa kuwa mota zikivuta umeme mwingi prosesa inaweza kujiwasha upya na kusahau kila kitu. Safari ya kwanza tafuta kwa mita 0.3 kwa sekunde. Ya pili ipite njia fupi kwa kasi ileile upate muda ulioandikwa. Kasi ipandishe kuanzia ya tatu.