Geji yasema 520, jiwe la mkaguzi lakataa 500

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninalenga shabaha kwa bastola ya upepo, mita 10. Nilinunua geji ya kidijitali ya kupimia uzito wa kifyatulio, yaani nguvu ya kukivuta mpaka kiachie, nikakaza skrubu mpaka kioo kikaandika gramu 520. Siku ya mashindano mkaguzi akatundika jiwe lake la gramu 500, akainua, kifyatulio kikaachia. Akarudia, kikaachia tena. Geji mpya, betri mpya. Mwongo ni nani, geji au jiwe?
*Mlengaji wa bastola*

Jibu: Marahaba. Pole kwa siku hiyo, najua inavyouma kurudishwa mezani wakati wenzako wanaingia uwanjani. Lakini hapo hakuna mwongo. Geji hukariri nguvu kubwa kuliko zote iliyoipata katika mvuto mmoja, na hiyo ndiyo inayobaki kwenye kioo. Jiwe halikupi namba. Lenyewe linauliza jambo moja tu: utanibeba au utaachia?

Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinataka bastola ya upepo ya mita 10 ibebe gramu 500, na bastola za mita 25 zibebe gramu 1000. Mtutu husimamishwa wima, jiwe hutundikwa karibu na katikati ya kifyatulio, kisha huinuliwa mpaka liache meza. Liwe uzito mtupu, lisilo na springi wala kigurudumu. Majaribio hayazidi matatu. Kipimo cha nyumbani kisichofanana na hicho kitakupa namba nzuri isiyokusaidia kitu.

Ningeanza kukagua mahali ulipoweka kulabu ya geji. Kifyatulio ni wenzo unaozunguka kwenye pini iliyo juu yake, na kadiri unavyovuta karibu na pini ndivyo kinavyodai nguvu zaidi. Tuseme katikati ya kifyatulio iko milimita 25 kutoka kwenye pini, na kulabu yako imepanda hadi milimita 22. Gramu 520 ulizosoma pale juu ni sawa na gramu 458 hivi pale katikati anapotundika mkaguzi. Milimita tatu tu, na bastola imekataliwa! Mimi huweka alama ya wino unaofutika katikati ya kifyatulio, na kulabu haivuki alama hiyo.

Kisha mkono wako. Kifyatulio kikishaachia hurudi nyuma kidogo na kugonga kikomo chake. Ukiwa bado unavuta, nguvu hupanda pale kwenye kikomo, na geji haijui kwamba kazi imeshakwisha, inakariri kilele hicho kipya. Wengi wanaoniletea malalamiko kama yako nikiwatazama wakipima naona wanavuta kama wanang'oa msumari. Vuta polepole mno, kwa mstari ulionyooka sambamba na mtutu, na ukisikia mlio legeza mkono papo hapo. Ukivuta kwa upande, sehemu ya nguvu inaishia kwenye msuguano wa pini na namba inapanda bure.

Jambo la tatu ni mkao wa bastola. Ukipima imelala, uzito wa kifyatulio chenyewe hauhesabiki. Mtutu ukiwa juu, uzito huo unaning'inia upande uleule wa jiwe na kulisaidia. Ni gramu chache, lakini wewe umejiachia 20 tu. Pima ikiwa wima kama atakavyoipima mkaguzi, na rudisha geji kwenye sifuri ikiwa katika mkao huohuo utakaoutumia, maana kulabu na fimbo yake nazo zina uzito.

Kabla ya hayo yote, usalama, na hapa simwonei mtu haya. Toa magazini, fungua chemba, yaani tundu inamokaa risasi, tazama kwa macho, pitisha kidole, kisha tazama tena. Risasi zote zitoke kwenye chumba hicho. Mtutu uelekee mahali ambapo hata mambo yakiharibika hakuna atakayeumia, na ukiulenga wima uangalie kuna nini juu ya dari. Silaha ya upepo nayo ni silaha.

Pima mara kumi na uandike zote. Geji nyingi hukupa wastani zenyewe, na mimi siupendi wastani ukiwa peke yake. Wastani wa 520 unaweza kuficha kipimo kimoja cha 496, na jiwe litakiona kilekile. Tazama cha chini kabisa. Kwangu kisipungue 515. Namba zikitawanyika sana, mara 505, mara 560, usiguse skrubu ya uzito. Kuna uchafu, mafuta yaliyoganda, skrubu iliyolegea au chuma kilicholika, na hapo ni kazi ya fundi wa silaha.

Geji yenyewe nayo ikaguliwe. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana kikivutwa, na juu yake vimegandishwa vinyuzi ambavyo ukinzani wake wa umeme hubadilika vinaponyooshwa. Ukiivuta kupita uwezo wake chuma hicho hakirudi kilivyokuwa. Tundika jiwe la mizani la gramu 500 unaloliamini. Ikisoma 512, umeshajua kwamba 520 yako ilikuwa 508.

Mkaguzi naye huweza kuinua kwa kushtua. Mwendo ukiongezeka kwa mita 1 kwa sekunde kila sekunde, jiwe la gramu 500 huvuta kama gramu 551. Anayeijua kazi yake huinua taratibu, lakini jiachie nafasi ya kutosha, usitegemee mkono wa mtu.

Swali: Mwalimu, bunduki yangu ya kuwindia inasoma pauni 5. Rafiki anasema nikishusha hadi pauni 1 nitalenga vizuri zaidi. Na pauni ni gramu ngapi?
*Mwindaji*

Jibu: Pauni 1 ni gramu 454, yaani aunsi 16, kwa hiyo tano ni kilo 2 na gramu 270 hivi. Ushauri wa rafiki yako ukatae. Kifyatulio cha pauni 1 kinamfaa mtu aliyelala kwenye mkeka, shabaha haikimbii na msimamizi yuko nyuma yake. Wewe unapanda mawe, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, pumzi iko juu. Mimi nisingeshuka chini ya pauni 3, na kazi hiyo aifanye fundi mwenye leseni. Akimaliza, bunduki ikiwa tupu, ikoki kisha funga bolti kwa nguvu na ugonge kitako kwenye mkeka wa mpira. Ikiachia yenyewe hata mara moja, haitoki kwenda porini.

Swali: Bastola yangu ina kijiulimi katikati ya kifyatulio. Geji inapanda mno na haiachii. Imeharibika?
*Msomaji mpya*

Jibu: Haijaharibika. Kijiulimi hicho ni kizuizi cha usalama, na kulabu yako imekaa pembeni yake. Kisipobonyezwa, kifyatulio kimefungwa na unachopima ni nguvu ya kukivunja. Acha kuvuta sasa hivi. Tumia kulabu pana inayokandamiza kijiulimi na kifyatulio kwa pamoja.

Swali: Kufyatua tupu mara kumi ili kupima hakuharibu silaha?
*Mama wa mlengaji chipukizi*

Jibu: Inategemea silaha ya mtoto, mama. Ikiwa ni bunduki ya .22 inayotumia risasi za kugongwa ukingoni, pini inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuumiza. Weka risasi bandia za mazoezi. Ikiwa ni ya upepo ya springi, usifyatue bila kidonge, yaani risasi yake ndogo, hata mara moja, kwa sababu pistoni hukosa mto wa hewa na kujigonga mbele kwa nguvu zote. Hiyo ipimieni uwanjani, kidonge kikiwa ndani na mtutu ukitazama shabaha, msimamizi akiwepo.