Ile picha ya Mama Pauline

Binti yangu mpenzi,

Picha uliyonitumia niliitambua hata kabla sijavaa miwani. Unauliza: bibi ya Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wetu wa kwanza wa Congo, alipitaje barabarani kifua wazi, hakuona aibu? Na tena, zaidi ya kulia, Mama Pauline Lumumba alifanya nini?

Mwanangu, umezaliwa enzi za kilio cha viti vya kukodi na fulana zenye picha ya marehemu. Zamani aliyefiwa alivua mapambo, akatembea pekupeku, kila mtu ajue nyumba imebomoka. Februari 1961, kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, Mama Pauline alitembea hivyo hadi kwa wakubwa wa Umoja wa Mataifa. Alikwenda kudai maiti ya bwana yake apate kuizika. Akarudi mikono mitupu.

Sisi wa Lubumbashi tunajua kwa nini. Lumumba aliuawa kule Shilatembo usiku wa 17 Januari 1961, pamoja na wenzake wa siasa Mpolo na Okito, wakati jimbo letu la Katanga likijiita nchi. Kisha Gérard Soete, polisi Mbelgiji, na mwenzake wakaifukua miili, wakaikatakata, wakaiyeyusha kwa asidi. Soete akabaki na meno. Nyanya yako aliishi hapa miaka hiyo, na hadi anakufa jina la Lumumba alilitaja kwa kunong'ona. Wako jirani zake walioshangilia, sitakuficha.

Unataka na ya nyumbani mwao. Aliolewa mwaka 1951, msichana wa miaka 14 kutoka Wembonyama. Hakuwa bibi wa kwanza wa bwana huyo, na watoto wa nje walikuwapo. Basi usimchore kama malaika aliyeolewa na malaika. Novemba 1960 wakampoteza kichanga chao, Christine, Lumumba akiwa amezingirwa na askari nyumbani kwake. Siku chache baadaye akatoroka. Wanasimulia kwamba pale Lodi alikuwa ameshavuka mto Sankuru, akarudi kwa sababu bibi yake na mtoto wao Roland walikuwa wamebaki ng'ambo. Ndipo askari wakamkamata. Mimi hapo huwa nasimama. Sijui mwanamke unalalaje usingizi na jambo kama hilo.

Alilolifanya ni kuishi, akawa mama wa watoto ambao baba yao ni wa nchi nzima. Watoto wakubwa walipelekwa Cairo kwa Rais Nasser wa Misri. Juliana alikulia huko, na ndiye aliyemwandikia mfalme wa Ubelgiji mwaka 2020 akidai jino la baba yake lililokuwa limebaki Ubelgiji. Jino likarudi Juni 2022, likapitishwa hadi Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30. Mama Pauline alikuwa amefariki usingizini tangu Desemba 2014.

Baba yako alipofariki nilikaa mkekani siku zote za kilio, nikachoka, nikagombana na shangazi zako juu ya sanduku la maiti. Lakini sanduku lilikuwapo. Nililishika. Yeye alikaa miaka 53 bila hata hilo.

Ukiwaonyesha wenzako ile picha, waandikie chini jina lake zima: Pauline Opango Onosamba.

Unga wa bukari nimempa dada wa kanisani anayepanda ndege Alhamisi. Mpokee uwanjani, usimwache asubiri.

Mama yako