Bonasi ya Krismasi: kodi ni sahihi, lakini posho ya sikukuu iko wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mpishi katika hoteli ya kitalii Arusha, mshahara wangu wa msingi ni 1,200,000. Desemba tulipewa bonasi ya mwezi mmoja, yaani 1,200,000 nyingine. Mshahara umekatwa PAYE (kodi ya mshahara) ya 152,000 kama kawaida, lakini bonasi imekatwa 360,000! Hela ni ileile, kodi zaidi ya mara mbili. Mwenzangu ananiambia ningeomba bonasi igawanywe miezi mitatu. Krismasi na Boxing Day nilikuwa jikoni, kwa muda wa saa nane kila siku. Je, nimeibiwa?
— Mpishi, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwenye kodi hujaibiwa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaihesabu bonasi kama mapato ya ajira, sawa na mshahara.

Kodi ya mshahara inapanda kwa ngazi. Kila mwezi, 270,000 za kwanza hazikatwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi milioni moja ni asilimia 25, na kila shilingi inayozidi milioni ni asilimia 30. Mshahara wako ukishatoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) wa 120,000 unabaki 1,080,000. Milioni ya kwanza inadaiwa 128,000, zile 80,000 za juu zinadaiwa 24,000, jumla 152,000. Bonasi ilipofika, ngazi zote za chini zilikuwa zimeshajazwa na mshahara, kwa hiyo yote imeangukia kwenye asilimia 30: 360,000, unabaki na 840,000. Mshahara wenyewe haukuguswa zaidi. Kugawa miezi mitatu kusingekuokolea hata senti, kwa kuwa mshahara wako peke yake unavuka milioni kila mwezi.

 

Sasa kilichonikera ni hilo la mwisho ulilolitaja kama jambo dogo: kazi ya Krismasi na Boxing Day. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinasema anayefanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa alipwe mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Chukua 1,200,000, gawa kwa 4.333 (idadi ya wiki katika mwezi) upate ya wiki, gawa tena kwa saa 45 za kazi za wiki: saa yako moja ni kama 6,154. Ya sikukuu ni 12,308. Saa 16 za Krismasi na Boxing Day zinakaribia 197,000. Hata mwajiri akidai nusu yake imo tayari ndani ya mshahara wa mwezi, bado kuna karibu 98,000 za kukuongezea.

Fungua hati yako ya mshahara ya Desemba uone kama kuna mstari wa kazi ya sikukuu. Nimeshika hati nyingi za mahoteli ambazo mstari huo haupo, na ukiuliza unajibiwa, "Si tumewapa bonasi?" Bonasi ni hiari ya mwajiri, au makubaliano yenu. Malipo ya sikukuu ni haki ya kisheria, na moja haliwezi kumeza jingine kimyakimya. Yatakatwa kodi asilimia 30 nayo, sawa, lakini kwanza yalipwe.

Andika barua fupi kwa idara ya rasilimali watu, taja tarehe na saa ulizofanya, ambatisha nakala ya ratiba ya zamu, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikupuuza, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) hapo Arusha. Madai ya aina hii yanatakiwa kufunguliwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, hivyo usisubiri Pasaka.